Sista wa Mbwa

Apua Ekidor alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na kwa miaka kumi na mitatu kazi yake ilikuwa, pamoja na mengine mengi, kuwapa mbwa dawa. Kwenye karatasi za serikali alikuwa muuguzi msimamizi wa zahanati ya Nakiporo, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka Kakuma. Alizalisha wanawake, akachanja watoto, akasafisha vidonda, akapima malaria. Hata hivyo watu wa maboma ya huko walimwita Sista wa Mbwa. Mwanzoni jina hilo lilimuudhi. Siku hizi aliitika tu.

Jumanne moja ya mwezi wa pili alikuwa amepiga magoti bomani kwa bibi mmoja aitwaye Nakiru, ameshika kipande cha mafuta ya mbuzi kilichofichwa kidonge ndani. Jua lilikuwa limeshapanda na mchanga ulimuunguza magoti kupitia sketi. Mbele yake Erupe, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa amembana mbwa wa kahawia katikati ya mapaja yake na kumfunga kamba shingoni asije akauma. Erupe alikuwa mchungaji kabla ya mguu wake wa kushoto kuvunjika na kuunga vibaya, na hakuna aliyejua kushika mnyama kama yeye. Mbwa alimeza, akatulia kidogo, kisha akatapika kila kitu kwenye mchanga.

"Mwingine," Apua alisema, akachukua kidonge kingine.

Nakiru aliwatazama akiwa amekaa kwenye kivuli cha kibanda chake, tumbaku shavuni. Alikuwa mama mkubwa wa boma lile, mjane, mwenye wajukuu sita waliolala chini ya macho yake. Alisema mbwa wake ni wawili tu na sasa wamekwisha, waende zao. Apua alijua ni watatu. Wa tatu, jike jeupe, lilikuwa limefichwa ndani pamoja na mtoto mchanga. Ndilo lililomlinda mtoto mama yake alipokwenda kuchota maji, na ndilo lililomlamba mtoto akijichafua, maana maji yalikuwa mbali na hayakutosha hata kunywa.

Apua akaanza maneno yake, yale yale aliyoyasema mara mia. Kwamba mbuzi akichinjwa na ini lake likaonekana lina mifuko ya maji, wasimtupie mbwa ini hilo, walichome au walizike. Kwamba mbwa akilila, minyoo midogo sana huota tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Kwamba mtoto akimshika mbwa kisha akatia mkono mdomoni, yai linaingia, na ndani ya ini la mtoto unaanza kukua mfuko kama ule wa mbuzi, polepole, bila maumivu, miaka mitano, miaka kumi, hadi siku tumbo linapovimba. Alisema yote hayo bila kumwangalia Nakiru, kama mtu anayesoma orodha. Nakiru alipotema tumbaku, Apua alielewa kwamba mazungumzo yamekwisha, akajiinua kwa kushika bega la Erupe.

Hakuwa ameiomba kazi hiyo. Alisomea uuguzi akitaka wadi ya wazazi, na miaka yake ya kwanza mjini Lodwar ilimpa alichokitaka. Halafu akahamishiwa Nakiporo. Mwaka wake wa kwanza huko waliletewa mchungaji wa ngamia aliyeitwa Lokiru, tumbo lake kubwa kama la mwanamke wa miezi minane. Apua alimsindikiza hospitali, akakaa nje ya chumba cha upasuaji, na baadaye daktari akamwonyesha beseni: mifuko ya maji mingi, mikubwa na midogo, myeupe kama mayai yasiyo na ganda. Lokiru alirudi nyumbani, akanenepa, akaoa mke wa pili. Baada ya miaka mitatu tumbo likavimba tena. Safari hiyo aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi na hakuamka.

Apua ndiye aliyempelekea mke wake mkubwa habari. Alikuta mbwa wanne bomani, na watoto wakicheza nao. Akiwa njiani kurudi alifanya hesabu rahisi: mfuko ule ulikuwa umeanza Lokiru akiwa kijana, ukiwa mdogo kama harage, na kwa miaka yote hiyo alipita zahanati kuchukua dawa ya macho, dawa ya kikohozi, chanjo ya watoto, bila yeyote kumlaza na kumtazama tumbo. Daktari mmoja mgeni alipokuja kufundisha wauguzi kutumia mashine ndogo ya kupiga picha ya tumbo, Apua alikuwa wa kwanza kuandika jina. Tangu hapo alikuwa akitoka siku nane kila mwezi kuzunguka maboma ishirini na sita, Erupe na kamba yake, yeye na vidonge vyake, na kila mara mashine ilipopatikana kwa kuazima, waliwapima watoto.

Huko Kakuma nako alikuwa na kazi. Pembeni mwa kambi ya wakimbizi kulikuwa na machinjio ya mfanyabiashara wa mbuzi, Malith, Mdinka mrefu aliyekuja kutoka Sudan Kusini akiwa mtoto na kukulia hapo. Mbwa wa kutoka kila upande walijaa kwake kila asubuhi kusubiri vilivyotupwa. Apua alimwendea mara nne. Mara ya nne Malith alimsikiliza akiwa na kisu mkononi, akacheka, akasema, "Mama, wewe kwanza ulete daktari wa watu. Mbwa yeye iko sawa, hailalamiki." Lakini wiki iliyofuata alichimba shimo refu na kulifunika kwa bati, na maini mabaya yakawa yanatupwa humo. Hakusema kwa nini. Apua naye hakuuliza, asije akamfanya abadili nia.

Mwezi wa tatu aliitwa Lodwar, kwenye ofisi ya huduma za afya. Aliyemwita alikuwa msimamizi mpya, Chepkirui, mwanamke wa miaka kama arobaini aliyetoka Bomet, mwenye heshima na mafaili mengi. Alimkaribisha kiti karibu na feni, akamuuliza kuhusu safari, kisha akafungua jedwali. Mambo yote yaliandikwa kwa Kiingereza. Kulikuwa na safu ya waliotibiwa, safu ya waliolazwa, safu ya waliotumwa hospitali. Kwenye siku nane za kila mwezi ambazo Apua alitoka, safu hizo zilikuwa karibu tupu.

"Sista Apua, sikuiti kukugombeza," Chepkirui alisema. "Siku hizo nane, mnaona wagonjwa wangapi?"

"Wachache. Hatuendi kutafuta wagonjwa, Madam. Tunaenda ili wasije wakaugua."

"Na mwaka jana mlizuia wangapi wasiugue?"

Apua alifikiri. Angeweza kutaja namba yoyote na pengine ingekubalika. "Sijui," alisema. "Hata wao wenyewe hawajui."

Chepkirui alifunua ukurasa mwingine, halafu akasema jambo ambalo Apua alikuwa akilingojea tangu alipoingia. Mwezi wa kwanza, siku ya Alhamisi, mwanamke mmoja alijifungulia nje ya mlango wa zahanati ya Nakiporo, mlango ukiwa umefungwa. Mtoto alinusurika. Mama alitokwa na damu nyingi, na kama si lori la maji lililopita, asingefika Kakuma akiwa hai. Siku hiyo Apua alikuwa bomani, amepiga magoti, akiwapa mbwa vidonge. Muuguzi wa pili alikuwa amehamishwa mwaka uliopita na hakuna aliyeletwa badala yake.

Tangu siku ile Apua alikuwa amemwona mwanamke huyo mara mbili, akamshika mikono, akamwomba radhi, na mwanamke akamwambia yamekwisha. Kwake Apua hayakuwa yamekwisha. Alipokuwa akitembea kwenda maboma alisikia mtu akigonga mlango nyuma yake, na alipokaa zahanati aliona watoto wakilambwa na mbwa. Hakuna siku aliyokuwa mahali pamoja tu.

"Ningekuwa na muuguzi mwingine ningekupa leo," Chepkirui alisema, na ilionekana anasema kweli. "Sina. Kwa hiyo siku za mashinani zitakuwa mbili kwa mwezi. Siku sita zilizobaki mlango uwe wazi."

Kuna wakati Apua angepinga. Angesimama, angeeleza habari za Lokiru na beseni. Sasa alikubali kwa kichwa, akauliza tu kama anaweza kuendelea kuazima mashine. Chepkirui akasema ndiyo, akaiandika hapo hapo, akampa na chupa ya maji baridi ya njiani.

Alikwenda nyumbani Nawoitorong, pembeni mwa Lodwar, ambako yeye na mumewe walijenga nyumba ya vyumba vitatu miaka mingi iliyopita na ambako alilala siku chache sana kwa mwaka. Mumewe, Ekal, alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuwa amepika samaki mkavu wa ziwani, kutoka Longech, na ugali, na alimtazama mkewe akivua viatu kwa shida.

"Andika barua ya kustaafu," Ekal alimwambia. "Miaka mitatu iliyobaki si mingi, watakuachia. Kaa hapa nami. Wengine pia wana mikono."

Apua alisema atafikiria. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kila mwezi kwa miaka miwili. Ekal aliporudi na maji ya kunawa alimkuta amesinzia, mgongo umeegemea ukuta, tonge bado liko mkononi. Hakumwamsha mpaka chakula kilipopoa.

Kesho yake alirudi Nakiporo, na jioni ya siku hiyo, kabla jua halijatua, yeye na Erupe walikaa kwenye benchi la wagonjwa na kuifungua orodha ya maboma ishirini na sita. Kwa siku mbili wangeweza kufikia tisa, kumi wakijikaza. Kumi na sita yangeachwa. Mbwa wanahitaji dawa kila baada ya wiki nne hadi sita. Boma lililorukwa mara mbili ni sawa na boma ambalo halijawahi kupewa. Apua alishika kalamu na kusoma majina moja moja, na Erupe alijibu kila mara: pale watoto wako watano, pale wako wawili, wale wanahama mwezi ujao, wale mbwa wao walikufa.

Walipofika kwa Nakiru, Apua alisita. Angependa kulifuta jina lile. Miaka yote hiyo bibi yule alikuwa akimficha mbwa mmoja na kumtemea tumbaku karibu na miguu, na hakuna ambaye angemlaumu Apua. Aliona wazi kwamba kulifuta kungempa raha, na kwa sababu hiyo hiyo akaliacha. Pale kulikuwa na watoto sita, na palikuwa karibu.

Yaliyofutwa kwanza yalikuwa ya mbali, ng'ambo ya laga, mto wa msimu, ambako mvua ikinyesha huvuki siku tatu.

"Na kwa kina Lokiru?" Erupe aliuliza.

Boma la mjane wa Lokiru lilikuwa ng'ambo. Apua alilitazama jina hilo kwa muda. Halafu akapiga mstari juu yake, kama yale mengine, na akamwambia Erupe afunge mlango wa stoo kwa sababu upepo ulikuwa unaingiza vumbi.

Mwezi wa nne mashine ilipatikana. Waliipeleka kwa Nakiru ikiwa imefungwa ndani ya blanketi, wakatandika ngozi kivulini, wakawalaza watoto mmoja mmoja. Wa kwanza hakuwa na kitu. Wa pili hakuwa na kitu. Wa tatu alikuwa Nakeno, msichana wa miaka tisa hivi, mchangamfu, aliyecheka jeli baridi ilipomgusa tumbo. Apua alisogeza kifaa chini ya mbavu za kulia, akasimama hapo, akarudi nyuma, akasogeza tena. Ndani ya ini palikuwa na duara jeusi lenye ukingo mwembamba mweupe. Alilipima. Sentimita tatu na nusu.

Alimaliza watoto wote sita kabla ya kusema. Kisha alimwita Nakiru, akamwonyesha picha, akamweleza kwamba mfuko umeshaingia lakini bado ni mdogo, na kwa mfuko wa namna hiyo hakuna haja ya kisu. Kuna vidonge. Atavimeza kila siku pamoja na chakula chenye mafuta, miezi kadhaa, na kila mwezi atapimwa damu Kakuma kuona kama ini linavumilia.

Nakiru aliangalia duara lile jeusi, halafu akamwangalia mjukuu wake, ambaye tayari alikuwa anakimbizana na wenzake nyuma ya zizi.

"Unamwona yule?" alisema. "Anaumwa?"

"Haumwi, Ata. Ndiyo maana nataka kumtibu sasa," Apua alijibu, akimwita Bibi kwa lugha yao.

"Mtoto anakula, anakimbia, analala. Wewe unakuja na kisanduku chako, unamtafutia ugonjwa mpaka unaupata."

Mama wa Nakeno alikuwa malishoni mbali, pamoja na mifugo, kwa hiyo neno lilikuwa la bibi. Walibishana, au tuseme Nakiru alibisha na Apua akarudia. Mwishowe bibi akapokea vidonge vya mwezi wa kwanza. Alivipokea kama mtu anavyopokea mgeni asiyemtaka, kwa kuwa hakuna namna.

Mwezi wa kwanza ulipita vizuri. Erupe alipita mara mbili kila wiki, akavihesabu, vikawa vinapungua. Mwezi wa pili Nakeno alipata kichefuchefu, akakataa maziwa siku mbili, na Erupe alipokwenda aliambiwa vidonge vimeliwa na mbuzi. Alivipeleka vingine. Aliporudi alivikuta vyote ndani ya kibuyu kilichotundikwa mlangoni; alivihesabu mara mbili.

Wakati huo zahanati haikumpa Apua nafasi ya kupumua. Mlango ulikuwa wazi kila siku kama alivyoagizwa, na watu walijaa: homa, kuhara, akina mama wawili waliojifungua usiku mmoja. Alikuwa akila amesimama. Siku zake mbili za mashinani zilikuwa zimeshatumika. Ilibaki Jumapili, siku aliyokuwa akiitumia kufua na kulala.

Jumapili hiyo pikipiki ya zahanati haikuwa na petroli. Apua alisali kidogo peke yake, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa miguu. Palikuwa mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye magoti mazima. Yeye alitumia karibu tatu, akipumzika kila alipoona mti wenye kivuli cha kumtosha. Njiani alipanga atakayoyasema. Angemwambia Nakiru habari za Lokiru, bila kupunguza. Angemweleza jinsi mtu anavyopelekwa chumba cha upasuaji. Alipofika bomani saa nne ya asubuhi ilikuwa imepita, jasho limemkauka mwilini likaacha chumvi, na maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamemtoka.

Nakiru alimwona akija, akasimama. "Ejok," alimsalimu.

"Ejok-nooi," Apua alijibu, na akakaa chini bila kukaribishwa. Alitaka kuanza.

"Ata, nimechoka," alisema hatimaye. "Sikuja kukufundisha kitu leo. Nipe mahali nilale kidogo, halafu nitarudi."

Nakiru aliingia ndani, akatoka na ngozi ya ng'ombe, akaitandika kwenye kivuli cha kibanda, akaleta maziwa ndani ya kibuyu. Apua alikunywa, akalala, mkono chini ya kichwa. Alisikia mbwa jike jeupe likija kumnusa miguu na kuondoka. Hakuwa na nguvu ya kulifukuza.

Alipoamka kivuli kilikuwa kimehamia upande wa pili, na mtu alikuwa ameivuta ngozi pamoja naye asiungue na jua. Nakeno alikuwa amechuchumaa karibu, akimeza. Bibi yake alimshikia kibuyu cha maziwa, mkononi mwake kukiwa na karatasi ya vidonge iliyotobolewa mahali pamoja.

"Amekula mafuta kwanza," Nakiru alisema, kama vile Apua alikuwa ameuliza. Aliketi, akaikunja karatasi vizuri na kuitia ndani ya kitambaa kiunoni. Baadaye kidogo akasema, "Kila siku mnakuja na pikipiki, na makaratasi, mnasema maneno mengi, mnaondoka. Leo umekuja kwa miguu na hukusema kitu. Nimefikiri, huyu mama ni mzee kama mimi, hawezi kutembea hivi kwa jambo la uongo."

Apua alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano angalau, lakini hakumsahihisha. Aliomba mbwa yule mweupe aletwe. Nakiru alimwita mwenyewe, akamshika taya kwa mikono miwili, na Apua akatumbukiza kidonge. Hakikutapikwa. Kisha alianza safari ya kurudi, na mmoja wa wajukuu wa kike akamsindikiza hadi njia kuu akimbebea mkoba.

Miezi ilipita. Si kwamba mambo yalikuwa mepesi. Mara mbili damu ya Nakeno ilionyesha ini limechoshwa na dawa, ikabidi wasimamishe wiki mbili na kuanza tena. Mara moja kipimo kilikosekana Kakuma na Nakiru akasafiri bure na mtoto, akarudi akinung'unika, na Apua akakubali kunung'unikiwa. Lakini kibuyu cha mlangoni hakikutumika tena kuficha kitu.

Mwezi wa kumi Nakiru alimleta mjukuu wake zahanati, kwa sababu mashine ilikuwa hapo siku hiyo. Benchi lilikuwa limejaa. Apua alimlaza Nakeno, akamimina jeli, akatafuta mahali pale. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Lile duara jeusi halikuwapo. Palikuwa na kitu kidogo kilichojikunja, kigumu, cheupe, kama kovu. Mfuko ulikuwa umekufa na kukauka. Atahitaji kutazamwa tena mwakani na mwaka unaofuata, lakini wa kukua haupo.

Alimweleza Nakiru. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hana kitu," alisema.

"Hana kitu."

"Kama nilivyosema mwezi ule wa nne."

Apua alimtazama kuona kama anatania. Uso wa Nakiru ulikuwa umetulia, hausomeki. Erupe, aliyekuwa akishikilia pazia, aligeuka upande wa ukuta.

"Kama ulivyosema, Ata," Apua alijibu.

Alimfuta mtoto tumbo, akamteremsha kitandani. Walipotoka alimsikia Nakiru akiwaambia wanawake wa kwenye benchi kwamba msichana wake amepimwa na ni mzima kabisa, na mmoja akauliza kama na yeye anaweza kumleta wake. Apua aliandika kitabuni: hali ya kawaida. Alijua kwamba huko Lodwar mstari huo hautamaanisha lolote, na hakuwa na uchungu. Alitamani tu kukaa. Lakini mtoto mwenye homa alikuwa ameshaingizwa, akamwendea.

Mvua fupi zilinyesha mwezi wa kumi na moja, laga ikajaa, ikapungua. Erupe alileta habari kwamba kina Lokiru wamerudi kutoka malishoni, wamejenga ng'ambo kwenye boma lao la zamani. Boma hilo halikuwa kwenye orodha. Tangu mstari ule upigwe, mbwa wao walikuwa wamekaa miezi minane bila dawa, wakila walichopewa.

Apua alikuwa na siku mbili. Alitumia ya kwanza kwa maboma ya karibu kama ilivyopangwa. Ya pili alikwenda ng'ambo, na maboma matano ambayo yangepitiwa siku hiyo yakasubiri mwezi ujao. Ekal alikuwa amempigia simu tena kuhusu barua, na Apua alikuwa amemwambia, kwa mara ya kwanza, kwamba ataiandika Krismasi ikipita.

Mjane wa Lokiru alimpokea vizuri. Alikuwa amezeeka. Mbwa walikuwa watano sasa, na watoto wanne wa mabinti zake hawakuwa wamewahi kupimwa. Apua alifungua mashine aliyokuwa ameiazima, akawalaza mmoja mmoja. Watatu walikuwa safi. Wa nne, mvulana wa miaka sita, alikuwa na duara la sentimita mbili.

Mjane aliutambua uso wa Apua kabla hajasema neno, kwa kuwa alikuwa ameuona uso huo siku aliyoletewa habari za mumewe.

"Hapana," Apua alimwambia haraka, akamshika mkono. "Si kama ule. Huu ni mdogo. Nimeuwahi."

Mama huyo alikaa chini, akamvuta mjukuu wake mapajani. Aliuliza dawa inanywewa vipi, mara ngapi, na kwa chakula gani, akarudia kila jibu taratibu ili asisahau. Apua alimwandikia hata hivyo, kwa michoro ya jua na mwezi, kwa kuwa kusoma hakujua. Erupe alikuwa ameshaanza kukusanya mbwa upande wa zizi, akiburuta mguu wake. Alipokuwa tayari alimwita, na Apua akaenda, akachagua mahali pasipo na miiba, akapiga magoti.